Maji ya Pili: Ni Fadhila au Ni Mchezo?

Mwezi uliopita kijana mmoja wa parokia yetu, ambaye sasa anafanya kazi Marekani, alikuja likizo kuwasalimu wazazi. Jioni moja tuliketi naye uani, na wamama watatu wa jirani walikuwapo wakichambua maharage. Kijana akatoa simu yake akatuonyesha filamu fupi ya mzee anayempangisha chumba huko. Tukamwona mzee huyo amevaa aproni, amesimama katika chumba cha chini ya nyumba, mbele ya mashini ya kufulia ya zamani sana, nyeupe, yenye miguu minne. Alitia mashuka, akayafua, akayakamua, kisha katika maji yale yale akatia mashati, kisha soksi, kisha suruali za kazi. Mwisho maji yalikuwa ya rangi ya chai ya maziwa. Naye mzee alikuwa anacheka kwa furaha kama mtoto aliyepewa mpira.

“Ni maskini?” aliuliza mmoja wa wamama.

“Hapana, Mama,” kijana akajibu. “Ana mashini mpya huko juu. Hii ni kazi yake ya kujifurahisha. Tena wako wengi wanaofanya hivyo.”

Mama akaweka ungo chini. “Mwanangu, unataka kuniambia kwamba mtu mwenye robine ndani ya nyumba anafua mara nne katika maji yale yale kwa kucheza? Mimi nafanya hivyo tangu nilipoolewa, wala hakuna aliyekuja kunipiga filamu.”

Watu wote wakacheka. Yeye hakucheka. Na neno lake lilitufuata mpaka kitandani, maana ndani yake mna swali gumu kuliko linavyoonekana. Kama mama yule ana fadhila ya kutopoteza kitu, je, mzee yule anayo vilevile? Wote wawili wanafanya tendo moja. Au pengine mmoja ana fadhila na mwingine anaigiza tu? Na ikiwa ni hivyo, ni yupi?

Kabla ya kujibu, tueleze kwanza mashini yenyewe, kwa sababu wengi wetu hatujaiona.

Katika jimbo la Iowa, huko Marekani, uko mji uitwao Newton. Hapo F. L. Maytag na wenzake walianzisha kampuni mwaka 1893, wakitengeneza vyombo vya kilimo. Mwaka 1907 wakatoa mashini yao ya kwanza ya kufulia, pipa la mbao lililozungushwa kwa mkono, wakaliita Pastime, maana yake kitu cha kupitishia wakati kwa furaha. (Tungependa kujua ni mama gani wa siku zile aliyezungusha mkono ule nusu ya siku akaona kwamba ni mchezo. Bila shaka jina lilichaguliwa na mwanaume.) Mwaka 1922 wakatoa nyingine iliyowapa sifa kubwa, Gyrafoam, yenye kitu kama mwiko wa mabawa kwenye kitako cha pipa. Mwiko huo unasukuma maji yapite katikati ya nguo, badala ya kuzisugua juu ya ubao. Kwa nyumba za mashambani zisizokuwa na umeme, kampuni iliweka chini ya pipa injini ndogo ya petroli.

Juu ya pipa viko viviringo viwili virefu vya mpira vinavyozunguka. Nguo inapitishwa katikati yao, inatoka imekamuliwa bapa kama karatasi, na maji yake yanarudi ndani ya pipa. Hapo ndipo siri yote ilipo. Mashini hii haimwagi maji yake yenyewe. Inajazwa mara moja, lita 60 au 70 za maji ya moto na sabuni, na maji hayo yanakaa mpaka mwenye kufua aseme basi. Kando yake yanawekwa mapipa mawili ya maji safi ya kusuuza, na katika lile la mwisho wengi walitia buluu ili nguo nyeupe zing'ae.

Basi kazi inakwenda kwa mpango. Kwanza mashuka na nguo nyeupe, maji yakiwa bado ya moto na safi. Kisha nguo za rangi hafifu. Kisha nguo za rangi nzito. Kisha suruali za shamba na za karakana. Mwisho kabisa, matambara. Tazama jinsi mpango huu ulivyo na akili: kadiri maji yanavyochafuka, ndivyo yanavyopoa pia, na nguo nyeupe za pamba ndizo zinazotaka moto, lakini zile za rangi zinachujuka ndani ya moto. Uchafu na ubaridi vinatembea pamoja, na nguo zinavifuata. Asiyeujua mpango huu atapata mashuka yenye rangi ya majivu, wala hataelewa kosa liko wapi.

Mwaka 1937 kampuni ya Bendix ilitoa mashini ya kwanza ya nyumbani iliyofanya yote peke yake: kujaza, kufua, kusuuza, kukamua kwa mzunguko. Lakini hiyo inamwaga maji kila mara. Wamama waliozoea maji mamoja kwa nguo za nyumba nzima waliona povu zuri, la moto bado, likienda mtaroni. Iliwauma. Ndipo katika miaka ya 1940 na 1950 watengenezaji kadhaa wa Marekani wakaongeza chombo cha kuokoa povu. Mashini inasukuma maji ya kufulia kwenda katika karo lililozibwa pembeni. Wakati inapoendelea kusuuza nguo za kwanza, uchafu wa yale maji unazama chini ya karo. Kisha inayavuta tena maji kwa nguo za pili, ikiacha kidogo chini pamoja na tope lake. Mwenye nyumba anaongeza maji ya moto kidogo na sabuni kidogo, basi.

Huko Uingereza walikuwa na sababu yao wenyewe. Sabuni iligawanywa kwa vipimo tangu mwaka 1942 mpaka 1950 kwa ajili ya vita na taabu zilizofuata. Watu waliopita katika miaka ile hawakusahau. Hata mashini za mapipa mawili zilizopendwa baadaye, kama Hoovermatic ya Hoover, zilifuata desturi ile ile: pipa moja la kufulia, la pili la kukamulia kwa mzunguko, na maji ya sabuni yanayotoka katika nguo yanarudishwa katika pipa la kwanza kuwangoja wengine.

Mashini za viviringo zilitengenezwa na Maytag mpaka mwaka 1983. Mwaka 2006 kampuni hiyo ilinunuliwa na Whirlpool, na mwaka 2007 kiwanda cha Newton kilifungwa. Zimebaki mikononi mwa wapenzi wake. Mmoja wao, Lee Maxwell wa mji wa Eaton katika jimbo la Colorado, alikusanya zaidi ya elfu moja, akazifanyia jumba la makumbusho. Wengine wanazo mbili tatu tu. Wanatafuta mipira mipya ya viviringo, wanaziba pampu zinazovuja, na siku ya mapumziko wanafua. Wanabishana hata juu ya idadi ya nguo ambazo maji mamoja yanaweza kuvumilia. Na wamejifunza tena mambo ambayo wamama wetu wanayajua: maji yaliyolala usiku kucha yananuka, kwa maana vijidudu vinakula na kuzaana humo, nepi za mtoto hazitiwi katika maji ambayo nguo nyingine zitayafuata, na ukitia javeli kwa ajili ya nguo nyeupe, usishangae shati la rangi likitoka na madoa.

Sasa turudi katika swali.

Aristotle, mwenye hekima wa Wagiriki wa kale, alifundisha kwamba tendo jema halitoshi kumfanya mtu kuwa mwema. Yafaa mtu ajue anachofanya, akichague, akichague kwa sababu ya wema wake wenyewe, tena awe imara katika nia hiyo. Tukipima kwa kipimo hiki, mzee wa Marekani anaonekana kushinda. Yeye anajua, naye amechagua. Hakuna aliyemlazimisha. Robine iko karibu, maji yanatoka usiku na mchana, mashini mpya inamngoja juu. Hata hivyo anayatunza maji. Lakini mama wa jirani yetu, tuseme kweli, analazimishwa na bidoni. Bidoni moja ni lita 20, ni kilo 20 kichwani au mgongoni, na mlima haupungui urefu. Kama angekuwa na robine, je, angetunza? Hatujui. Naye pengine hajui.

Basi tuseme kwamba mzee ana fadhila, na mama ana shida tu?

Moyo unakataa, nao una haki. Wenye hekima waliotoa kipimo kile hawakuwa wakichota maji wao wenyewe. Ni kweli kwamba shida inamnyima mama nafasi ya kuchagua *kama* atatunza maji. Lakini haimnyimi nafasi ya kuchagua *namna*. Mwangalieni siku ya Jumamosi mbele ya mabeseni yake. Anaamua nguo ipi itangulie. Anaamua kama maji ya kusuuza ya leo yanaweza kuwa maji ya kufulia ya nguo nzito. Anaamua kuacha gauni lake mwenyewe mpaka kesho ili mtoto apate shati safi la shule. Jirani yake, mwenye shida ile ile na bidoni zile zile, anatupa nguo zote pamoja, kisha anagombana na sabuni. Shida ni moja. Busara ni mbili. Kwa hiyo fadhila iko huko, hata ndani ya lazima. Mtu aliyebanwa ana mlango mwembamba wa kuchagua, lakini anapita humo kila siku.

Naye mzee? Kwake tunaona kasoro nyingine. Anachagua kila kitu, ila hakuna kinachomwuma. Akikosea mpango, shuka moja linakuwa la kijivu, naye anacheka, analitia katika mashini mpya. Mama akikosea, anapanda mlima tena. Mpanda milima anayeshuka akitaka, na mchungaji aliyezaliwa kule juu, wanaona baridi moja, lakini hawaishi maisha mamoja.

Tena kuna hesabu, na hesabu haipendi sifa za bure. Tuihesabu basi. Mashini nyingi za Marekani za miaka ya 1980, zile za kutilia nguo kwa juu, zilitumia kama lita 150 kwa ufuaji mmoja. Mashini za leo za mlango wa mbele zinatumia kama lita 50. Mtu akiwa na mashini ya zamani ya kiasi kile, yenye chombo cha kuokoa povu, akafua mara mbili, ataokoa labda lita 70 za maji ya kufulia, kwa sababu ya kusuuza hayaokolewi. Ametumia 230 badala ya 300. Vizuri. Lakini jirani yake asiye na habari, aliyebonyeza tu kitufe mara mbili katika mashini mpya, ametumia 100. Mzee wetu akijisifu mbele yake kwamba yeye anayahurumia maji ya dunia, anajidanganya.

Ajabu ni kwamba mashini ya zamani zaidi, ile ya viviringo, inaweza kushinda zote. Pipa moja la kufulia na mawili ya kusuuza, tuseme lita 190 kwa jumla, na humo mtu mwenye mpango anafua mara tano. Mashini mpya kwa mara tano inataka 250. Kumbe ya mwanzo na ya mwisho zinakaribiana, na ile ya katikati ndiyo iliyopoteza. Lakini usisahau kuandika katika hesabu kitu kingine: mwenye mashini ya viviringo amesimama hapo asubuhi nzima. Hawezi kuondoka. Tena akizubaa, viviringo vinavuta vidole vyake na mkono pamoja. Madaktari wa Marekani walitibu watoto wengi walioumizwa hivyo, mpaka jeraha hilo likapewa jina lake katika vitabu vyao. Amenunua maji kwa wakati. Si bure.

Hapa tunamkumbuka Hans Rosling, daktari wa Uswidi (1948–2017), ambaye alichunguza ugonjwa wa konzo hata huku kwetu Kongo, ule unaopooza miguu ya watu wanaokula mihogo michungu isiyolowekwa vya kutosha. Mwaka 2010 alisimulia hadharani siku ambayo mashini ya kufulia iliingia nyumbani kwao, yeye akiwa mtoto mdogo. Nyanya yake alialikwa. Mwanamke huyo alikuwa amepasha maji kwa kuni maisha yake yote na kufua kwa mikono nguo za watoto saba. Akaomba abonyeze kitufe yeye mwenyewe, kisha akaketi mbele ya mashini, akaitazama mpaka ikamaliza. Na mama yake Rosling, kwa saa alizopewa na mashini ile, alimpeleka mtoto maktaba, akamsomea vitabu. Nyanya yule alijua thamani ya kila tone. Lakini mbele ya mashini ile hakuona maji. Aliona migongo ya wanawake ikinyooka.

Basi sisi tunafikiri swali letu liliulizwa vibaya. Tuliuliza: nani anaokoa? Yafaa kuuliza: nani analipa kile kilichookolewa? Kwa maana hakuna kinachookolewa bure. Maji yanalipwa kwa wakati, sabuni inalipwa kwa mikono, makaa yanalipwa kwa kungoja. Mtu akilipa mwenyewe, kwa hiari au kwa uvumilivu, tunaweza kuanza kutafuta jina la fadhila yake. Akiagiza, na mwingine akalipa, hiyo tunaiitaje?

Hapa hatuwezi kuwanyoshea wengine kidole, kwa sababu tunaijua habari hii kutoka nyumbani kwetu. Tulipokuwa wavulana wa shule, mashati yetu meupe yalifuliwa kwanza, katika maji mapya. Kisha zilifuata nguo za baba. Magauni ya dada zetu yalitiwa mwisho, katika maji ya tatu au ya nne. Baba alipenda kuwaambia wageni kwamba nyumba yetu haipotezi hata povu. Nasi tuliona fahari. Mwaka jana, katika matanga, mmoja wa dada zetu, ambaye sasa ni nyanya, alitukumbusha habari zile akicheka. Akasema: “Kaka, ninyi mlikuwa mnakwenda shule mkiwa weupe kama kokwa la nazi. Sisi ndio tuliochota maji, na sisi ndio tuliovaa uchafu wenu.”

Hatukuwa na la kujibu. Mpango wa nguo ulikuwa wa haki: nyeupe kwanza, nzito mwisho. Lakini nani aliyeamua kwamba wavulana ndio weupe? Mpango wa nguo ulikuwa umegeuka kuwa mpango wa watu, polepole, pasipo mtu kuutangaza. Wala si kwetu peke yetu. Huko Uingereza, katika nyumba zisizokuwa na chumba cha kuogea, jamaa nzima iliweza kuoga kwa zamu katika beseni moja la bati mbele ya moto, na mara nyingi baba alitangulia. Maji ya pili daima yana mtu wa pili.

Wako wanaume wanaopenda kuwakumbusha wake zao vile vikapu kumi na viwili vya mabaki ya mikate katika Injili, wanapoona kipande cha sabuni kimesahauliwa juu ya jiwe. Ni vizuri kukumbuka. Lakini wasome mpaka mwisho: ni nani walioinama kuokota? Ni mitume, wanaume wazima, wale wale waliokwisha choka kwa kuwagawia watu chakula. Haikuandikwa kwamba waliwaita wanawake.

Tukimtazama mzee wa Marekani kwa jicho hili, tunamwona kwa namna nyingine. Kijana alituambia kwamba mke wake hagusi mashini ile. Anayejaza ni mzee, anayesimama ni mzee, anayening'iniza nguo ni mzee. Shuka likiharibika, ni lake. Analipa yote. Pengine hana fadhila ya kutunza, kwa kuwa hesabu yake haina uzito. Lakini hana deni kwa mtu. Na Mtakatifu Thoma wa Akwino, mwalimu mkubwa wa Kanisa wa karne ya 13, hakuona haya kuandika kwamba hata katika mchezo inawezekana kuwa na fadhila, kwa sababu roho huchoka kama mwili unavyochoka, nayo inataka kupumzishwa. Alisema pia kwamba mtu asiyecheza kamwe, tena anayewakataza wengine furaha yao, ana kosa. Jambo hilo linatushangaza kidogo sisi tuliolelewa na walimu wakali, lakini ndivyo alivyofundisha. Mchezo uwe wa heshima, uwe wa kiasi, uwe mahali pake. Kufua nguo katika mashini ya kale kunatimiza yote hayo vizuri kuliko karata.

Tena mchezo unatunza maarifa ambayo haja imeyaacha. Katika jimbo la California, lenye ukame wa mara kwa mara, serikali ilibadili sheria mwaka 2009, ikaruhusu watu, kwa masharti fulani, kupeleka maji ya mashini za kufulia moja kwa moja kwenye mizizi ya miti yao bila kuomba kibali. Ghafla watu wakahitaji kujua sabuni gani inaunguza mimea na maji yakae muda gani kabla ya kunuka. Waliowahi kuchezea maji ya pili walikwisha kujua.

Ila tungemwomba mzee kitu kimoja. Asiuite mchezo wake umaskini. Wako watu huko, kijana alisema, wanaopenda kuvaa aproni ya zamani na kusema kwamba maisha ya zamani yalikuwa matamu, wamama waliimba wakifua. Labda waliimba. Hata mtu aliyebeba mzigo mzito anaimba. Wimbo wake hauthibitishi kwamba mzigo ni mwepesi. Mzee huyu, twashukuru, hasemi hivyo. Kijana alisimulia kwamba alilelewa shambani na mama aliyefua hivyo kila Jumatatu, naye akiwa mtoto alikatazwa kusogea karibu na viviringo. Sasa mama hayupo. Mashini ipo. Tulipolisikia neno hilo, tuliacha kumcheka.

Jioni ile ile, kabla ya kuachana, tulimwomba kijana atuonyeshe filamu tena, na mama wa jirani akasogeza kiti. Alitazama kwa makini kabisa, kama mtu anayesahihisha mtihani. Aliyakubali mashuka. Aliyakubali mashati. Kwa soksi alinyamaza. Mwishoni mzee alitoa suruali za kazi, akashusha mpira wa chini, na maji ya chai ya maziwa yakaanza kukimbia kwenda katika tundu la sakafu.

“Simamisha hapo!” mama akasema, akaweka kidole juu ya kioo. “Anamwaga. Povu si lile bado liko? Angepigia deki chumba kile chote, na ngazi zake.”

Kijana akasema atamwandikia.